Benz naitengenezea uani, sasa fundi anataka nibadilishe giaboksi

Asalaam aleikum Fundi,

Mimi ni mwalimu wa ufundi niliyestaafu, niko Tanga mjini. Kabla ya gari nililonalo sasa nilikuwa na Benz 124, ile 250D ya dizeli, na sikumbuki kama iliwahi kulala gereji. Uani kwangu pana mwembe, chini yake nilimwaga sakafu ya zege, na hapo ndipo nilipobadilishia oili, pedi za breki, pampu ya maji, raba za chini na kila kilichochakaa. Nilipostaafu niliiuza, nikaongeza fedha, nikanunua E320 ya mwaka 2003, bodi ya W211, iliyotoka Japani. Skrini ya redio inaandika Kijapani mpaka leo, lakini hilo halinisumbui. Gari ni tamu kuliendesha. Kinachonisumbua ni haya yafuatayo.

Nikiwa kwenye mwendo wa kati ya 60 na 80, nimekanyaga mafuta kidogo tu, gari linatetemeka kama linapita kwenye rasta, na hali lami ni safi. Nikikanyaga zaidi linatulia, nikiachia linatulia. Nililipeleka kwa kijana mmoja hapa mjini anayesifika kwa Benz. Alizunguka nalo kidogo, akarudi, akasema giaboksi imekwisha, anayo ya mtumba, milioni mbili na nusu pamoja na ufundi. Hakufungua kitu wala hakupima kitu. Nilipomuuliza habari ya oili ya giaboksi alicheka, akasema oili ya gari hizi haibadilishwi maisha yake yote, ndiyo maana hata kijiti cha kupimia hawakuweka. Nimekitafuta, kweli hakipo. Pana bomba limefungwa kwa kifuniko chenye kipini cha plastiki.

Pili, pedi za mbele zimekwisha na nimeshanunua nyingine. Nilipanga Jumamosi hii nizibadilishe na kijana wangu wa kidato cha pili, naye ajifunze. Lakini majuzi dashibodi iliandika kwa wekundu habari za breki na kunitaka niende gereji. Nilipozima na kuwasha tena, yale maandishi yakapotea. Jirani ananitisha kwamba breki za gari hili ni za kompyuta na si za kuguswa ovyo. Fundi, nimebadilisha pedi tangu ujana wangu. Pedi ni pedi.

Tatu, asubuhi naikuta pembe ya mbele ya kulia imelala. Nikiwasha, baada ya muda linajiinua lenyewe.

Mama Mwanaidi, ambaye ndiye anayeliendesha zaidi kwenda dukani kwake, anasema tuliuze kabla halijatumalizia kiinua mgongo. Kijana hataki hata kusikia. Nami nakuuliza: gari la namna hii bado linatengenezeka nyumbani, au zama za kutengeneza Benz uani zimepita? Na hiyo giaboksi, ninunue?

Nina jeki ya troli, tofali za nchi sita za kuliegeshea, spana za kila aina, mita ya umeme, na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kodi kwenye simu. Kifaa hicho kinaonyesha hakuna kosa lolote.

Mwalimu, Tanga

—

Waalaikum salaam, Mwalimu.

Giaboksi usinunue. Na Jumamosi hii pedi usiziguse, angalau si kwa namna uliyopanga. Nianze na pedi, kwa sababu giaboksi inaweza kungoja lakini vidole vya kijana haviwezi.

Kwenye 124 mguu wako ndio uliosukuma oili ya breki mpaka kwenye magurudumu. Usipokanyaga, pistoni imekaa kimya. W211 za mwanzo, kuanzia 2002 mpaka modeli ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2006, hazifanyi hivyo. Zina mfumo unaoitwa SBC. Ukikanyaga pedali unapeleka ujumbe wa umeme tu. Kazi ya kusukuma inafanywa na pampu ya umeme iliyo chini ya boneti, ambayo muda wote inahifadhi presha kubwa kwenye chupa yake, na kompyuta ndiyo inayogawa presha hiyo kwa kila gurudumu peke yake. Mfumo huu hauhitaji hata uwashe gari. Ukifungua mlango tu, unaamka na kujipima, na katika kujipima huko unasukuma pistoni.

Sasa ione Jumamosi yako. Umeshafungua kaliper, vidole vyako viko ndani mnamokaa pedi, kijana anafungua mlango achukue chaja ya simu. Pampu inaamka. Presha ile si ya mguu wa mtu, na kilicho katikati ya pistoni na diski wakati huo ni mkono wako. Jirani yako alipatia, ingawa hakukueleza sababu.

Haina maana kwamba pedi haziwezi kubadilishwa chini ya mwembe. Mfumo hulazwa kwanza kwa mashine ya uchunguzi ya Benz, dashibodi ikapiga kelele kuthibitisha kwamba breki zimelala, ndipo kazi ifanyike, kisha huamshwa kwa mashine ileile kabla gari halijasogea hata hatua moja. Mitaani utasikia njia ya mkato ya kuchomoa plagi ya pampu. Siipendekezi, hasa kwa mtu anayefanya kazi hiyo mara ya kwanza na mtoto pembeni. Na kutoa upepo kwenye breki kwa kukanyagakanyaga pedali kama ulivyozoea, hapa sahau. Hiyo nayo ni kazi ya mashine.

Kile kifaa chako cha kwenye simu hakihusiki hapa. Kinasoma injini na basi. Hakijui lolote kuhusu breki, giaboksi wala upepo wa shokapu, kwa hiyo kikikuambia hakuna kosa, anayesema hivyo ni injini peke yake. Mtafute fundi mwenye mashine kamili ya Benz. Siku hizi wapo wanaotembea na kompyuta zao begani. Mlete nyumbani, umlipe kwa saa, akulazie breki, akae kwenye kivuli na kikombe cha kahawa wakati wewe na kijana mnafunga pedi, halafu aziamshe. Itakugharimu kidogo kuliko kulipeleka gari gereji, na mwanao atajifunza zaidi.

Akiwa hapo hapo, mwambie akusomee hesabu ya pampu ya SBC. Pampu hii imewekewa ukomo. Kompyuta inahesabu matumizi yake, na hesabu ikifika mwisho inawasha lile onyo jekundu na kuandika kodi C249F. Wapo watakaokuambia wanaweza kurudisha hesabu nyuma kwa bei ya chai. Wanaweza kweli, lakini wanachobadilisha ni namba. Brashi za mota zilizolika zinabaki vilevile. Pampu ya mtumba nayo inakuja na hesabu yake ya huko ilikotoka, na muuzaji hatakutajia. Ikibidi, nunua iliyofunguliwa na kuundwa upya na watu wanaotoa dhamana ya maandishi. Mfumo huu uliwasumbua hata waliouunda. Mwaka 2004 kampuni iliita magari yapatayo 680,000 duniani yarudishwe kukaguliwa kwa sababu yake, na katika marekebisho ya 2006 ikauondoa kabisa kwenye W211 na kurudi kwenye breki za kawaida.

Ila usikimbilie kuilaumu pampu kwa onyo lililotokea mara moja likapotea. Gari lako lina betri mbili. Kubwa iko kwenye buti, chini ya sakafu, na ndogo iko chini ya boneti. Hiyo ndogo wengi hawaijui mpaka ife. SBC inategemea umeme, kwa hiyo volti zikishuka inalalamika mapema, tena asubuhi zaidi. Chukua mita yako, gari likiwa limelala usiku kucha, pima zote mbili. Betri nzima iliyotulia inakupa karibu 12.6. Ukiona 12.2 au chini, anzia hapo kabla ya kumtuhumu mwingine.

Na Mama Mwanaidi aambiwe leo, si Jumamosi. Onyo likiwaka njiani na mfumo ukakata, breki hazipotei zote. Zinabaki za mbele tu, kwa nguvu ya mguu wake mwenyewe. Pedali itazama chini sana kuliko alivyozoea na itataka akanyage kwa nguvu zote, na gari litasimama mbali zaidi. Asiyejua hilo hudhani pedali imekufa, akainua mguu. Akiona wekundu asimamishe gari pembeni na kuliacha hapo. Litakuja kuvutwa.

Sasa giaboksi, na hapa ndipo nilipokasirika na yule kijana.

Dalili uliyoieleza, mtetemo wa rasta kwenye mwendo wa kati na mafuta kidogo, unaokoma ukikanyaga au ukiachia, ni ya kiungo kimoja kilicho mbele ya giaboksi, yaani konveta. Ndani yake mna klachi ndogo inayofunga ili injini na giaboksi zizunguke pamoja, mafuta yasipotee bure. Kwenye giaboksi yako, ile ya gia tano inayoitwa 722.6, klachi hiyo haifungi moja kwa moja. Inaachwa iteleze kidogo kwa makusudi, na inachotelezea ni oili. Oili ikiharibika, klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia, na wewe unahisi rasta. Plagi za moto zilizochoka zinaweza kukupa mtetemo unaofanana na huo, lakini hizo mara nyingi huacha kodi kwenye injini, na kifaa chako kingeziona. Hapo ndipo kinapokusaidia.

Swali ni nini kilichoiharibu oili. Umri ni jibu mojawapo. Hayo ya oili ya maisha yalinadiwa kweli giaboksi hizi zilipokuwa mpya, na baadaye kiwanda chenyewe kikaweka ratiba ya kuibadilisha kwenye kilomita 60,000. Lakini kwa gari la 2003 kuna jibu la pili ambalo ni lazima uliondoe kwanza. Oili ya giaboksi yako inapoozwa ndani ya rejeta. Inapita kwenye kijisanduku kilichozamishwa ndani ya maji ya rejeta, na kati ya oili na maji pana ukuta mwembamba tu. Rejeta za awali zilizofungwa kwenye modeli hizi, mpaka karibu na mwaka huohuo wa 2003, zinajulikana kwa kuvuja hapo ndani. Nje huoni hata tone. Maji ya rejeta yenye glaikoli, ile dawa iliyomo kwenye kulanti, yanaingia kidogokidogo kwenye oili, na glaikoli inakula gundi ya zile bitana za klachi. Ikiingia nyingi oili inageuka kama maziwa ya waridi na mtu yeyote anaona. Ikiingia kidogo rangi haibadiliki hata chembe, ila mtetemo unaanza.

Umeshaona ubaya wa ile milioni mbili na nusu? Kijana angekufungia giaboksi ya mtumba kwenye rejeta ileile. Ungeendesha kwa raha kwa muda, halafu rasta zingerudi, naye angekuambia kwa masikitiko kwamba mitumba ni bahati nasibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Angalia rejeta kama ndiyo iliyokuja na gari. Zina lebo na tarehe ya kutengenezwa. Ukiona ni ya 2003 au kabla, mimi nisingehangaika hata na vipimo, ningeibadilisha. Ukitaka uhakika, maabara zinazopima oili za mitambo mikubwa hupima glaikoli, na vipo vifaa vidogo vya kupimia kwa matone vinavyouzwa kwa ajili hiyo. Kubadilisha rejeta ni kazi ya uani kabisa na wewe unaiweza usingizini. Usinunue ya mtumba. Ukienda Dar, pale Ilala Shauri Moyo watakuonyesha nzuri zinazong'aa, lakini ukuta unaovuja uko ndani na hakuna jicho linalouona. Nunua mpya. Rudishia kulanti yenye kibali cha Benz, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kama ya betri. Maji ya kisima chako yana chumvi, yaache kwa migomba.

Rejeta ikishakuwa mpya ndipo umwage oili. Hapo utahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Ukifungua sampo, yaani bakuli la chini ya giaboksi, utapata sehemu tu ya oili, nyingine imebaki ndani ya konveta na kwenye mabomba. Badilisha filta na gasketi, safisha sumaku iliyo ndani ya sampo. Chengachenga laini kama masizi si neno, lakini ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika, simama hapo uniandikie. Funga, jaza, kisha fungua bomba linalorudi kutoka kwenye rejeta, liingize kwenye ndoo, uwashe kwa muda mfupi mfupi huku kijana akikuambia rangi inapobadilika, uzime, uongeze ulichotoa. Vipimo vya oili vimeandikwa kwa namba za Benz. Kwa giaboksi yako ni zile zinazoanzia na 236, na 236.14 ni mojawapo inayofaa. Muuzaji akikuambia oili yoyote nyekundu ni sawa, ondoka.

Ukiwa chini huko, angalia ubavuni mwa giaboksi, plagi kubwa ya duara yenye pini 13. Oringi zake hukauka kwa umri na oili huanza kupanda ndani ya waya, polepole, mpaka kwenye kompyuta ya giaboksi. Soketi yake mpya ni bei ya chakula cha mchana. Kompyuta si hivyo. Fungua ile plagi, ukikuta oili ndani badilisha soketi siku hiyohiyo.

Kuhusu kijiti: kipo, ila hakiuzwi na gari. Ni chombo cha fundi, kirefu, kina alama za nyuzi 25 na nyuzi 80. Kipini kile cha plastiki kwenye kifuniko huvunjwa na kuwekwa kipya. Unapima gari likiwa limesimama sawasawa, injini inawaka, gia iko kwenye P, na alama ya kuamini ni ya 80, gari likiwa limetoka kutembea. Ile ya 25 ni ya kuanzia tu, na kwa joto la Tanga hata alfajiri huipati vizuri. Oili ikizidi inaharibu kama ikipungua. Mwenye mashine akiwepo, atakusomea joto la oili kwenye skrini na hutabahatisha.

Baada ya hapo endesha kama kawaida. Kama klachi haijaliwa sana, mtetemo hupungua mpaka kwisha. Usipoisha, kinachobadilishwa ni konveta, si giaboksi nzima. Hiyo haifanyiki uani. Giaboksi ni lazima ishuke, ni nzito, na mwenye kuishusha awe na jeki yake maalumu.

Ambalo linanipeleka kwenye tofali zako. Mwalimu, wewe umefundisha ufundi! Tofali la saruji na mchanga halipindi kabla ya kuvunjika. Linakatika bila taarifa. Nunua stendi za chuma kabla ya rejeta, kabla ya oili, kabla ya kila kitu, na gari hili zaidi kwa sababu lina shokapu za upepo na linaweza kushuka lenyewe ukiwa umelala chini yake.

Pembe inayolala asubuhi ni upepo unaotoroka. Paka maji ya sabuni kwenye viungio vya bomba juu ya shokapu ile na kwenye raba yake, utaona mapovu. Kama ni kiungio, umepona. Kama ni raba, shokapu imezeeka, ndiyo kawaida kwa umri huo na joto la pwani. Usiiache muda mrefu, kwa sababu kompresa, yaani pampu ya upepo, inafanya kazi ya ziada kila asubuhi kulijaza pengo, nayo itakufa. Badilisha na rilei yake wakati huohuo, maana rilei ikiganda kompresa haizimi. Shokapu ya upepo ningemwachia mwenye mashine autoe upepo kwanza, na mpya isibebeshwe uzito wa gari kabla haijajazwa. Wapo wanaotoa vyote na kuweka springi za kawaida. Gari linasimama, ndiyo, lakini dashibodi italalamika siku zote na ule utamu uliousema utauaga.

Umeniuliza kama zama za uani zimepita. Mimi kazi ya nyumbani naipima kwa swali moja tu: nikikosea, kosa litaonekana gari likiwa bado getini? Rejeta ikivuja utaona dimbwi sakafuni. Oili ya injini, yenye kiwango cha 229.5 au 229.3 na si vinginevyo, ukiifunga vibaya utaiona. Plagi za moto, na injini yako ya silinda sita ina plagi kumi na mbili, mbili kwa kila silinda, ukikosea injini itakosa hapohapo. Sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa injini, nayo nunua moja uiweke kwenye buti. Siku gari litakapozima likiwa la moto na kukataa kuwaka mpaka lipoe, utanikumbuka, na ni boliti moja tu inayoishika, ingawa imejificha nyuma ya injini. Hizo zote ni zako na kijana. Breki zikikosewa hujionyesha kwenye mteremko, na ndiyo maana nimetaka mwenye mashine awepo.

Kuuza au kutouza ni neno lenu wawili, ila usiuze sasa. Mnunuzi akisikia ule mtetemo atakupa bei ya gari lililokufa giaboksi, kama kijana yule alivyolitangaza. Weka rejeta na oili, pima hesabu ya SBC, halafu kaeni na Mama Mwanaidi mkiwa na majibu mkononi. Kama pampu ya breki iko ukingoni na fedha ya kuibadilisha ni lazima itoke kwenye kiinua mgongo, mimi niko upande wake. Mtu anayeliendesha kila siku ana haki ya kuamini breki zake. Mkitaka kubaki kwenye W211, tafuteni ya baada ya marekebisho ya 2006 yenye breki za kawaida, ila msiruke tu kwenye E350 yoyote mnayoiona. Injini zake za mwanzo, za aina ya M272, zina gia ya shafti ya kusawazisha inayolika, na kuibadilisha ni lazima injini ishuke. Namba ya injini ndiyo inayokuambia kama imo kwenye kundi hilo, kwa hiyo mnitumie kabla ya kutoa fedha.

Kwa sasa nitumie vitu vitatu: volti za betri zote mbili, tarehe iliyoko kwenye rejeta, na hesabu ya pampu. Na yule kijana wa giaboksi akipiga simu, mwambie bado unapima.